Ukungu wa Hernals

Mwanaume wa Graz ndiye aliyenifumbua macho, na mpaka leo simjui hata sura.

Ilikuwa asubuhi ya Alhamisi, mwezi wa Machi. Nilikuwa nimekaa mbele ya ubao wangu kwenye kituo cha simu, vipokezi masikioni, waya mkononi. Sisi wasichana wa simu za mbali kazi yetu ilikuwa kuunganisha, kusikiliza kidogo tu kuhakikisha sauti zimekutana, kisha kujiondoa kimyakimya, kama mtu anayewaachia wenzake chumba. Nilimuunganisha bwana huyo, aliyepiga kutoka mji wa Graz, na bibi mmoja wa hapa Vienna. Kabla sijajiondoa, nikamsikia akisema kwa sauti ya mtu anayetabasamu:

"Mpenzi, eti leo kuna ukungu Hernals?"

Yule bibi akacheka. Hakikuwa kicheko cha mzaha. Kilikuwa kile kicheko cha chini anachokitoa mwanamke ambaye tayari ameshikwa kiuno.

Waya ukanidondoka.

Maneno yale yalikuwa yangu. Niliyatunga mimi, Ottilie Zehetner, ndani ya tramu ya kwenda mtaa wa Hernals, katika baridi ya kupasua mifupa, mkono wangu ukiwa umejificha mfukoni mwa koti la Emmerich. Hatukuwa na pa kukutania. Mwenye nyumba aliyompangisha hakutaka kuona sketi kwenye ngazi zake, na kwetu kulikuwa na chumba kimoja, jiko, na Mama. Kwa hiyo tulipendana hadharani: kwenye tramu, kwenye benchi za bustani, kwenye majumba ya makumbusho siku za theluji, tukijifanya tunatazama picha za watakatifu. "Mji mzima ni chumba chetu," nilimwambia siku moja, "tatizo hakina mlango." Ndipo tukaanza kusemezana kwa mafumbo mbele za watu. Kuna ukungu Hernals: nataka kukubusu. Umesahau glovu zako: usiende bado. Konda amenikatia tiketi mara mbili: sikulala, nilikuwa nakuwaza wewe. Abiria walitusikia wakadhani sisi ni mtu na binamu yake.

Maneno hayo sikumwambia mtu. Hata Gisa, rafiki yangu wa ubao wa jirani, ambaye alijua mpaka soksi zangu zipi zimetoboka.

"Otti, unaumwa?" Gisa alininong'oneza. "Taa zako zote zinawaka, wapigaji wanakungoja."

"Gisa, mtu akisema kuna ukungu Hernals, wewe unaelewa nini?"

Akajiziba mdomo asicheke. "Kumbe na wewe umekisoma! Na unavyojifanya mtawa!"

"Nimesoma nini?"

"Kitabu, mwenzangu! *Mji Usio na Mlango*. Kila mtu anakizungumzia. Kuna msichana wa simu humo na hawara yake msomi, wana lugha yao ya kwenye tramu. Juzi kijana wa duka la mikate ameniambia nimesahau glovu zangu, nikamzaba kakofi ka mapenzi." Akainama zaidi. "Ninacho hapa, nimekivisha gazeti msimamizi asikione."

"Kaandika nani?"

"Jina la bandia. Wanasema ni daktari fulani wa falsafa."

Sikumuuliza tena. Nilinyoosha mkono chini ya meza, akanipa.

Zamu ilipokwisha nilikwenda kukaa bustanini, kwenye benchi yenye umande, nikakisoma kama mtu anayejisomea hukumu. Nilikuwamo mzima mzima. Alama yangu nyeusi chini ya sikio. Kikohozi cha Mama nyuma ya pazia. Jinsi ninavyofuta kijiko kwa leso kabla ya kukoroga kahawa. Na kwenye kurasa za katikati, mwanaume wa kitabuni anamshika msichana wa simu mashavu mawili, kwenye daraja la mfereji, anamwambia: "Nakupenda."

Hapo nilikifunga kitabu nikakaa nikitazama njiwa.

Emmerich hakuwahi kuniambia neno hilo. Miaka miwili. Nilipolitafuta, alinishika mkono kwa upole akanieleza, maana ndiyo kazi yake, Daktari Emmerich Haslacher, mwalimu wa wafanyakazi katika chuo cha jioni na mmoja wa wale mabwana wanaokutana kila Alhamisi kuchambua maneno. "Otti wangu, sentensi ambayo huwezi kusema utaipimaje si sentensi, ni mlio. Nikisema mvua inanyesha, utachungulia dirishani. Nikisema nakupenda, utachungulia wapi? Sitaki kukupa milio." Na mimi mjinga nikajivuna! Nikajiona nimependwa kuliko wanawake wote wa Vienna, kwa kuwa mimi mwenzao nimepata mwanaume asiyesema uongo.

Nikafungua tena, nikafika sura ya mwisho. Mwanaume anamsindikiza yule msichana kituoni. Tramu inafika, msichana anapanda, mwanaume anabaki chini. Haelezi. Anaona kwamba wamemaliza maneno yao yote, na watu wakishamaliza maneno hubaki tabia tu. Tramu inaondoka naye, akiwa bado anampungia mkono kwenye kioo.

Nilisimama. Nilikitia kitabu kwapani.

Mkahawa ambamo Emmerich na wenzake hukutana haukuwa mbali. Nilipoingia, moshi wa sigara ulikuwa umetanda mpaka kwenye meza za biliadi. Mabwana wa Alhamisi walikuwa kwenye kona yao ya nyuma, watano, na katikati yao Emmerich, nywele zimemwangukia usoni, mzuri kama siku zote, nikamchukia kwa uzuri huo.

"Otti!" Alisimama, macho yakang'aa kweli. "Hujawahi kuja huku. Mhudumu, kiti! Kaa, nikuagizie kahawa na strudeli ya tufaha."

"Sikai." Niliweka kitabu mezani, juu ya karatasi zao. "Hiki cha nani?"

Bwana mmoja akachezea kijiko. Emmerich akakitazama kile kitabu, akanitazama, na rangi ikampanda shingoni.

"Nilitaka nikuambie mwenyewe," alisema. "Nilingoja wakati mzuri."

"Wakati mzuri! Leo nimesikia maneno yangu kutoka kwa mtu wa Graz. Graz, Emmerich! Mtu sijui hata kama ana meno!"

Daktari Pallwein, yule mnene wa kundi lao, alitoa sigara mdomoni. "Nabusu mkono wako, binti. Mimi ni Pallwein. Usimkasirikie rafiki yetu. Maneno si shamba, hayana hati ya kumiliki. Ukishalitamka mbele ya mtu wa pili, limeshakuwa la wote. Lugha ya mtu mmoja haiwezekani hata kidogo."

"Sikuomba mhadhara, Bwana Daktari."

"Ni faraja, si mhadhara."

"Haya, kama maneno ni ya wote," nilisema, na sauti yangu ilishapanda mpaka wacheza biliadi wakaacha kucheza, "tuambie sote hapa: mkeo anakuitaje mkiwa wawili chumbani?"

Nilidhani nimempiga ngumi ya pua. Pallwein alicheka mpaka tumbo likagonga meza. "Ananiita Kiazi! Kiazi changu cha siagi! Umeona? Nimesema, na sijafa!"

Meza nzima ikalipuka kwa kicheko, na mhudumu naye akageuka ukutani mabega yakitikisika. Nilisikia uso wangu unawaka. Walikuwa wananicheka kwa upole, kama mtu anavyomcheka paka aliyefukuza kivuli chake, na upole huo uliniuma kuliko tusi. Emmerich hakucheka. Lakini pia hakuwanyamazisha.

"Twende nje," alisema.

"Hapana. Wewe umenizungumzia mbele ya mji mzima. Nami nitakuzungumzisha mbele ya hawa watano." Nikamgeukia yeye tu, nikawasahau wengine. "Huyo kwenye kitabu ni mimi au si mimi?"

"Ni wewe na si wewe. Sikuweka jina lako."

"Umeweka alama yangu ya chini ya sikio!"

"Otti, nisikilize." Sauti yake ilishuka. Alikuwa na sauti hiyo ambayo ningeifuata hadi kwenye maji. "Nilikuwa nakaa chumbani kwangu peke yangu, umeshakwenda zako, koti langu bado lina harufu ya nywele zako. Sikujua namna nyingine ya kukushika. Kila mstari humo nilikuwa nakugusa. Hakuna aliyewahi kukutazama kama nilivyokutazama mimi, na ushahidi ndio huo."

Nakiri, moyo ulinilegea. Mtu asiyejua kupenda haandiki hivyo kikohozi cha mama wa mwenzake. Ningeweza kuketi pale, nikala ile strudeli, mambo yakaisha. Lakini nilikuwa nimefika ukurasa wa mwisho.

"Umemwambia unampenda," nilisema. "Yule wa kwenye karatasi. Pale darajani."

Akasogeza kikombe chake pembeni.

"Mimi mwenye nyama na damu uliniambia neno hilo haliwezi kupimika. Yeye alilipimia wapi?"

"Katika riwaya ni tofauti. Riwayani sentensi haidai kuwa kweli."

"Kwa hiyo unalisema pale tu ambapo halitakugharimu!"

Mmoja wa mabwana akanong'ona, "Hilo si jambo dogo," Pallwein akamkanyaga mguu.

"Na sura ya mwisho?" nikauliza. "Ile ya kituoni?"

"Kitabu lazima kiishe, Otti."

"Uliiandika lini?"

Hapo ndipo alipoinamisha macho, na kwa kuinamisha kule nikajua. "Wakati wa Krismasi," alisema.

Krismasi! Krismasi nilimfumia skafu. Krismasi alikula kwetu kwa mara ya kwanza, Mama akamkaangia samaki huku amenuna, akamwongezea kipande bila kuulizwa. Na alirudi kwake ameshiba, akaketi kwenye taipureta, akaniacha kituoni.

"Kumbe nimeshaachwa," nilisema. "Nimeachwa tangu Krismasi, mji mzima unajua, Graz wanajua, na mimi mwenyewe bado natia sukari kwenye kahawa yako! Mwanaume, hata mbwa akifukuzwa huambiwa toka!"

"Sijakuacha! Ni hadithi!"

"Basi niambie haitakuwa hivyo. Sasa hivi, mbele ya wachambuzi wenzako. Niambie utapanda hiyo tramu."

Alifungua mdomo. Nilimwona akiitafuta sentensi, akiigeuza, akiikagua kama ina kasoro. Naye alikuwa mwaminifu, laana ya uaminifu wake, hakutaka kuahidi kitu asichokuwa na hakika nacho. Niliokota glovu zangu, sikuzisahau, nikatoka. Nyuma yangu nilisikia Pallwein akisema kwa sauti isiyo na mzaha tena, "Haslacher, mfuate, bwege wewe." Hakunifuata.

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, maana tramu sikuitaka kuiona. Jengo letu lina bomba moja la maji kwa kila ghorofa, kwenye korido, na bomba hilo ndilo bunge letu. Jioni hiyo wanawake walikuwa wamejaa na ndoo zao, Mama yumo na jagi lake la bati. Niliponyanyua mguu kwenye ngazi ya mwisho, wote wakanigeukia. Ndipo Bi Swatosch, msimamizi wa jengo, ambaye hajui kusoma bango bila kusogeza midomo lakini habari humfikia kabla ya posta, akaniangalia toka viatu hadi kofia.

"Haya, Otti," alisema, "huko Hernals hali ya hewa ikoje leo?"

Mmoja akacheka puani. Nilitamani sakafu ifunguke.

Nilimtazama Mama. Nami nilijua anachokiwaza. Yeye ndiye aliyempinga Emmerich tangu siku ya kwanza. "Mtu anayefundisha kwamba maneno hayana maana," aliniambia, "siku ya kanisani padri akimwuliza, atasema nini? Atajibu inategemea?" Alinitafutia mwanaume mmoja wa reli aliyefiwa na mke, mwenye nyumba na pensheni. Nilimkatalia kwa jeuri, tukanuniana siku nyingi. Kwa hiyo nilisubiri aseme lile neno ambalo kila mama amelihifadhi: nilikuambia.

Mama alijaza jagi lake taratibu mpaka likafurika. Akageuka. Akalimwaga lote, maji ya Machi baridi kama kisu, juu ya ndara za manyoya za Bi Swatosch.

"Yesu na Maria!" Bi Swatosch akaruka. "Bi Zehetner, umerukwa na akili?"

"Nisamehe, jirani," alisema Mama. "Sikukuona. Ukungu."

Akanishika mkono akaniingiza ndani, akafunga mlango kwa komeo. Jikoni nililia nikamweleza yote, hata yale ambayo binti hamwelezi mama yake. Alinisikiliza akimenya viazi. Mwisho akasema tu:

"Kikohozi changu nacho kakiandika?"

"Nacho, Mama."

"Mshenzi. Nilimpa kipande cha pili cha samaki."

Jumapili, baada ya misa, mtu aligonga. Niliujua mkono wake hata kupitia ubao wa mlango. Mama alitaka kwenda yeye, ameshika mwiko, nikamzuia. Nilifungua kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa.

Emmerich alikuwa amekonda kwa siku chache hizo. Hakunyoa. Mkononi alikuwa na maua ya zambarau ya kichochoroni, yale anayouza bibi wa kanisani, yameshaanza kusinyaa. Nyuma yake, kwenye korido, nilisikia milango ya majirani ikifunguka kidogokidogo.

"Mchapishaji anataka kukichapa tena," alisema. "Nimekataa."

"Kilichokwisha kusemwa hakirudi mdomoni, Emmerich. Jana wenzangu watatu wa kituoni wameniuliza kama ni kweli una nywele kifuani."

"Najua. Sikuja kwa ajili hiyo." Akahamishia maua mkono wa pili. "Nilikwenda pale kituo cha tramu, kile cha kitabuni. Nikasimama. Tramu ikaja, nikapanda mpaka mwisho wa njia, nikarudi, nikapanda tena. Kutwa nzima ya jana. Otti, nimekuwa mwoga. Nilijificha nyuma ya mantiki kama kijana anayejificha nyuma ya gauni la mama yake. Sitaki tena kujificha."

"Sema ulichokuja kusema. Watu wanasikiliza."

"Wasikilize." Alisogea mpaka pumzi yake ikanifikia kwenye upenyo wa mlango. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nakupenda."

Jamani. Miaka miwili nilikuwa nimeliwaza neno hilo, kwenye baridi, kwenye zamu, huku nikiwaunganisha wanaume wa nchi nzima na wapenzi wao wanaoambiwa neno hilo bila hesabu. Lilipofika, lilipita mwilini mwangu mwote kama maji ya moto. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mnyororo. Ningeufungua. Namwapia Mungu, ningeufungua.

"Sema tena," nilimwambia.

"Nakupenda, Ottilie. Na kama haipimiki, basi nipime mimi."

Ilikuwa sentensi nzuri. Nami nilikuwa namtazama usoni iliposhuka, nikaona midomo yake ikiendelea kusogea bila sauti, kidogo tu, mara moja. Nipime mimi. Nilimjua mtu wangu. Ndivyo alivyofanya akisikia jambo lililomkaa vizuri sikioni, alilirudia kimoyomoyo ili lisipotee. Macho yake bado yalinielekea, mekundu, yamejaa machozi ya kweli. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amekwisha ondoka pale mlangoni, yuko na ile sentensi.

Hasira iliyonishika mkahawani ilikuwa ya kitoto ukiilinganisha na hii. Hii ilikuja baridi, imenyooka, wala haikunitetemesha.

"Nzuri hiyo," nilisema. "Iandike, usije ukaisahau."

"Otti? Otti, hapana, sikuwa..."

Nikafunga mlango. Niliuegemea kwa mgongo, kiganja mdomoni, nisije nikamwita jina. Nilisubiri kusikia viatu vyake vikishuka ngazi. Havikushuka. Badala yake nikasikia nguo zikipapaswa, mfuko mmoja, mfuko wa pili, tena kwa haraka.

Mama alitoa kichwa jikoni, mwiko bado mkononi.

"Anatafuta nini huyo?"

"Penseli, Mama."